Kubadili kidonge cha thairoidi bila kuyumba: mwongozo kamili kwa tunaotibiwa Uganda

Mfamasia aliweka kisanduku juu ya meza, akakisogeza kwangu. "Mama, ile yako imeisha. Hii ni dawa ile ile, kiwanda tu ndicho tofauti." Nilikuwa nimetoka Bombo kwa taksi hadi Wandegeya kufuata vidonge vyangu, na foleni ya Bwaise ilikuwa imekula nusu ya asubuhi. Sikuuliza kitu. Nililipa, nikarudi nyumbani.

Wiki ya nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, choo kikawa kigumu, na mchana nilikuwa nasinzia mbele ya cherehani. Nikakilaumu kile kiwanda kwa kila aliyenisikiliza. Nilipofika kwa daktari, yeye hakuuliza kuhusu kiwanda. Aliuliza, "Ni kitu gani kingine ulianza mwezi ule?" Ndipo nilipokumbuka vidonge vya damu nilivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu. Nilikuwa navimeza pamoja na kile cha thairoidi, kwa mkupuo mmoja, nikishushia na chai ya maziwa. Tulibaki na kisanduku kilekile kipya, tukatenganisha saa za dawa, na baada ya wiki saba damu yangu ilikuwa sawa. Kiwanda hakikuwa na kosa.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: badili kitu kimoja kwa wakati, ngoja wiki sita, kisha pima. Anayebadili viwili kwa pamoja hatajua kipi kilimponya wala kipi kilimwangusha.

Kidonge kinafanya nini

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, huchoka kwa njia nyingi. Wengine hushambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, ugonjwa ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912. Wengine waliondolewa tezi kwa upasuaji kwa sababu ya rovu, au ililemazwa na matibabu ya tezi iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Vyovyote iwavyo, mwili unakosa homoni iitwayo T4, na kidonge cha levothairoksini ni T4 hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani. Mwili wenyewe huigeuza sehemu yake kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kufanya kazi ndani ya viungo.

Ubongoni kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo kwa homoni iitwayo TSH. Homoni ya shingo ikipungua, TSH hupanda, kama mama anayepaza sauti kwa mtoto asiyesikia. Ikizidi, TSH hushuka. Kwa hiyo namba ya TSH inasomwa kinyume: ikiwa juu, dawa haitoshi; ikiwa chini, dawa imezidi. Wagonjwa wengi hukosea hapa na kupunguza vidonge siku ambayo walipaswa kuongezewa.

Jambo la pili ni mwendo wa dawa hii. T4 huchukua karibu siku 7 kupungua kwa nusu mwilini. Ukihamia dozi tofauti, wiki ya kwanza unakuwa umefika nusu ya njia, wiki ya pili robo tatu, wiki ya tatu imebaki thumuni, na wiki ya sita kilichobaki hakina uzito tena. Hapo ndipo wiki sita zinapotoka. Madaktari hawakuzibuni ili watusumbue. Na ndiyo sababu mtu anayesema "nilimeza kidonge kipya jana, leo nimevimba uso" mara nyingi anaona kitu kingine, si homoni.

Kuhama kuna aina zake

Aina ya kawaida kabisa hapa kwetu ni kuhama kiwanda: leo Eltroxin, kesho Euthyrox, keshokutwa kidonge kutoka India chenye jina ambalo hujawahi kulisikia. Dawa ndani ni moja. Kinachotofautiana ni vijazio: sukari ya maziwa, wanga wa mahindi, rangi, na namna kidonge kinavyoyeyuka tumboni. Kwa watu wengi tofauti hii haina maana yoyote. Kwa wachache ina maana, na mtu asiwaambie kwamba wanajitungia.

Ufaransa ilijifunza hilo mwaka 2017. Mwezi Machi, kidonge cha Levothyrox, kilichokuwa kikimezwa na watu wapatao milioni 3, kilibadilishwa vijazio: sukari ya maziwa ikatoka, wakaweka manitoli na asidi ya sitriki. Mamlaka ya dawa ya huko ndiyo iliyoomba kidonge ambacho nguvu yake haipotei kabla ya tarehe ya mwisho, na nia ilikuwa nzuri. Malalamiko yakaja kwa maelfu, kesi zikafika mahakamani. New Zealand ilipitia jambo linalofanana mwaka 2007. Wataalamu wamebishana sana juu ya kilichotokea, lakini funzo moja liko wazi: wagonjwa hawakuambiwa mapema vya kutosha, na mtu anayebadilishiwa dawa gizani huiogopa.

Nguvu nayo ina ukingo wake. Marekani tangu 2007 inataka kidonge hiki kibaki kati ya asilimia 95 na 105 ya nguvu iliyoandikwa, hadi siku ya mwisho wa matumizi. Si kila nchi inabana hivyo. Kwa hiyo kuhama kutoka kiwanda kilichoegemea chini kwenda kilichoegemea juu kunaweza kuwa kama kuongezewa dozi kidogo bila mtu kukuandikia.

Aina nyingine ni kubadili ukubwa wa kidonge (kimoja cha 100 kuwa viwili vya 50), kubadili dozi yenyewe, na kuhamia vidonge vyenye T3 au vya tezi ya mnyama. Hii ya mwisho ina mambo yake, tutaifikia.

Hatua ya kwanza: andika ulipo kabla ya kuondoka

Kabla hujafungua kisanduku kipya, chukua daftari dogo. Andika jina la dawa unayomaliza, kiwanda, nguvu, idadi ya vidonge kwa siku, na namba ya bechi. Andika TSH yako ya mwisho na tarehe yake. Kisha andika hali yako leo: uzito, mapigo ya moyo kwa dakika ukiwa umetulia, unalala vipi, choo, hedhi kwa wanaopata, kuhisi baridi wakati wenzako wanalalamika joto. Mistari sita inatosha.

Usipoandika sasa, baada ya mwezi kila uchovu utakuwa wa kidonge kipya, hata ule uliokuwa nao tangu Krismasi.

Kama huna kipimo cha TSH cha miezi 12 iliyopita, pima kabla ya kuhama, pesa zikiruhusu. Vinginevyo utakuwa unalinganisha kipimo kijacho na hewa.

Hatua ya pili: soma namba, usiangalie rangi

Rangi ya kidonge haina maana kati ya kiwanda na kiwanda. Cheupe cha huku chaweza kuwa 50, cheupe cha kule kikawa 100. Soma kisanduku, kisha soma bamba la vidonge lenyewe.

Na soma kizio. Dozi ya dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, lakini baadhi ya viwanda huandika miligramu. 0.1 mg ni mikrogramu 100. 0.05 mg ni 50. 0.025 mg ni 25. Mzee aliyezoea "hamsini" akiona "0.1" anaweza kudhani ni kitu kidogo, akameza viwili, na hapo anapata mara nne ya dozi yake. Kama unamnunulia mama au baba mkwe dawa, mwandikie juu ya kisanduku kwa kalamu nene: "Mikrogramu 50. Kimoja. Asubuhi."

Ukipewa cha 100 wakati unatumia 50, kukikata nusu kunawezekana iwapo kina mstari katikati na una kisu chembamba au kikatio cha vidonge. Nusu hazitalingana kabisa, na hilo si msiba, kwa kuwa dawa hukaa mwilini siku nyingi: nusu kubwa ya leo na nusu ndogo ya kesho hufidiana. Ila usikate vya mwezi mzima kwa pamoja. Kata kimoja, maliza nusu zake mbili, ndipo ukate kingine.

Hatua ya tatu: maswali ya dukani

Kwa mfamasia uliza mambo matatu. Je, nguvu ni ile ile? Je, kiwanda hiki mtaendelea kukileta, au mwezi ujao nitapewa kingine tena? Na je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo wote tunaiita NDA, iliyoundwa kwa sheria ya 1993?

Swali la kati ndilo ninalolipenda zaidi. Kuhama mara moja ni jambo dogo. Kinachovuruga ni kuhamahama kila mwezi, kwa kuwa TSH haipati nafasi ya kutulia na daktari hajui anapima nini. Uingereza mwaka 2021 iliwaambia madaktari wake kwamba mgonjwa anayerudiwa na dalili kila akibadilishiwa chapa, aandikiwe chapa moja na abaki nayo. Huhitaji kuwa Uingereza kuomba hivyo. Kama umepata duka lenye mzigo wa kudumu, kuwa mteja wao, waachie namba yako ya simu, na ukiweza nunua ya miezi miwili au mitatu ya bechi moja.

Dawa za kuvushwa mpakani kwenye mfuko wa nguo, za bei ya ajabu, ziache. Huwezi kujua zimepikwa na jua kiasi gani njiani.

Kama aliyekubadilishia ni duka tu na si daktari, mpigie daktari au muuguzi wa kliniki yako umjulishe. Kwa walio mbali na Kampala, hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua na Mbale ndizo mahali pa kuanzia. Kwa Kampala ni Mulago na hospitali kubwa za misheni.

Hatua ya nne: siku ya kuhama

Kwa levothairoksini kwenda levothairoksini yenye nguvu ile ile, hakuna kupumzika katikati. Leo asubuhi cha zamani, kesho asubuhi kipya. Usivimeze vyote viwili "ili kuzoeza mwili". Usiache siku tatu "ili ya zamani itoke". Itachukua zaidi ya mwezi kutoka, na wewe utakuwa umelala.

Chagua wiki tulivu. Usihame wiki unayoanza dawa nyingine, au unapofunga, au unapojaribu lishe mpya ya kupunguza mwili. Bakisha vidonge vitano au sita vya zamani ndani ya bamba lake lenye namba ya bechi. Likitokea la kutokea, daktari au NDA watataka kuliona.

Hatua ya tano: linda saa ya kidonge

Hapa ndipo wengi wetu huharibu, nami nikiwemo, kisha tunawalaumu Wahindi au Wajerumani.

Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu. Meza unapoamka, kisha kaa dakika 30 hadi 60 kabla ya kuweka kitu kingine mdomoni. Chai na kahawa ni "kitu kingine". Kahawa hasa hupunguza dawa inayoingia kwenye damu, na hili ni gumu kulisema kwa mtu wa Masaka anayelima kahawa, lakini ndivyo lilivyo. Uji wa soya nao, ambao mama zetu wengi wanaunywa asubuhi kwa ajili ya nguvu, huzuia dawa kunyonywa. Hujakatazwa. Usogeze hadi saa nne asubuhi, na jambo la maana zaidi, uwe na desturi moja: anayekunywa soya kila siku hupimiwa dozi inayolingana na soya yake, anayekunywa wiki hii na kuacha wiki ijayo hapimiki.

Vinavyotaka umbali wa saa 4 kamili ni vidonge vya damu vyenye madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu, na dawa nyeupe za kutuliza kiungulia. Waliopasuliwa rovu mara nyingi hupewa kalsiamu pamoja na levothairoksini siku ile ile ya kutoka hospitali, na muuguzi mwenye haraka huandika zote "asubuhi". Kataa kwa upole. Thairoidi saa 12 asubuhi, kalsiamu saa 6 mchana. Wanaotumia omeprazoli kwa vidonda vya tumbo wamweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza asidi inayosaidia kidonge kuyeyuka, na saa za kutenganisha hazisaidii sana hapo. Huenda dozi ikahitaji kupandishwa. Wanaokula mumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) au udongo wa sokoni wakati wa ujauzito, nao wauweke mbali kabisa na kidonge.

Kama asubuhi yako ni vurugu za watoto wa shule na bodaboda anapiga honi nje, hamia usiku. Kidonge cha wakati wa kulala, saa 3 au 4 baada ya chakula cha mwisho, hufanya kazi vizuri kama cha asubuhi. Lakini huko nako ni kubadili kitu kimoja. Usihamie usiku katika wiki ile ile uliyohama kiwanda.

Ramadhani ina hesabu yake. Ama umeze ukiamka kwa daku, ungoje angalau nusu saa ndipo ule, ama umeze kabla ya kulala, saa 3 baada ya mlo wa mwisho. Kumeza papo kwa papo na tende na uji wa futari ndiyo njia inayopandisha TSH za watu mwezi wa Shawali.

Na watu huniuliza kama muhogo na kabichi huidhuru tezi. Anayekula chumvi yenye madini joto na kumeza dawa yake sawasawa, ale muhogo wake uliopikwa.

Hatua ya sita: wiki sita za kungoja

Hatua hii haina kazi, ndiyo maana ni ngumu. Jumapili moja kwa wiki, fungua daftari, jaza ile mistari sita, ufunge. Usijaze kila siku. Utaanza kusikia dalili ambazo hazipo.

Ukisahau kidonge na kukumbuka siku hiyo hiyo, meza ukipata tumbo tupu. Siku moja ikipita kabisa, hutaanguka, kwa sababu ile ile ya siku 7. Iandike. Ukisahau vitatu kwa wiki, tatizo lako si kiwanda.

Kuwashwa mwili, vipele, au tumbo kuvurugika ndani ya siku chache za kwanza huenda ni rangi au sukari ya maziwa iliyo kwenye kidonge. Hilo linastahili kupigiwa simu daktari mapema, si kungoja wiki sita, na mara nyingi dawa yake ni kuhamia kiwanda kingine tu.

Hatua ya saba: damu na karatasi ya maabara

Wiki ya 6 hadi ya 8 nenda ukapime TSH. Ukiweza nenda maabara ile ile uliyopimia mwanzo, maana mashine hutofautiana. Nenda asubuhi kabla ya kumeza kidonge, ukibebe mfukoni umeze baada ya kutolewa damu. Ukimeza kwanza, T4 hupanda kwa saa kadhaa na karatasi itaonyesha wingi usio wa kweli. Kama unatumia vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye biotini, viache siku 2 kabla, kwani hudanganya mashine nyingi: TSH huonekana chini na T4 juu, na unaweza kupunguziwa dawa bure.

Maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0. Usishtuke ukiona kizio tofauti kwenye karatasi mbili. mIU/L na µIU/mL ni kitu kimoja. Kwa T4 huru, yaani T4 isiyoshikwa na protini za damu, ndipo penye mtego, kwani kuna pmol/L na kuna ng/dL. Zidisha ya pili kwa 12.87 upate ya kwanza: 1.2 ng/dL ni kama 15.4 pmol/L. Mtu asipojua hili anaweza kudhani homoni yake imepanda mara kumi kwa kubadili maabara tu.

Sasa soma pamoja na daktari. TSH imebaki pale pale na wewe uko salama: umeshahama, endelea, rudia kipimo baada ya miezi 6 au 12. TSH imepanda: kabla ya kuongeza dozi, pitia hatua ya tano kwa ukweli. TSH imeshuka chini ya kiwango: dozi imezidi, hata kama unajisikia mwepesi na umepungua kilo. Wepesi ule una gharama, kwa maana dawa ikizidi kwa muda mrefu huvuruga mapigo ya moyo na kula mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Aliyetibiwa saratani ya thairoidi huwekewa TSH ya chini makusudi, msilinganishe karatasi. Na yule ambaye ugonjwa wake umetoka kwenye pituitari, daktari wake hufuata T4, si TSH.

Wapo ambao TSH yao ni nzuri na bado wamechoka. Waangaliwe damu, sukari, usingizi, na huzuni, kabla ya kubadilishiwa chapa kwa mara ya nne.

Wasiopaswa kusubiri wiki sita

Mjamzito ni wa kwanza. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama hasa miezi ya mwanzo, na mahitaji hupanda kwa karibu robo hadi theluthi. Madaktari wengi humwambia mgonjwa wao mapema kwamba siku akijua ana mimba aongeze vidonge viwili kwa wiki, vya dozi yake ya kawaida, yaani 9 badala ya 7, kisha aje kliniki mara moja. Muulize wako leo kama nawe ufanye hivyo, usingoje siku hiyo. TSH hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Na vile vidonge vya chuma na foliki vya kliniki ya wajawazito, saa 4 mbali. Si wakati wa kujaribu chapa mpya kama ya zamani inapatikana.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza rifampisini: dawa hiyo huharakisha kuvunjwa kwa homoni ini­ni, na dozi iliyokutosha miaka mingi inaweza kupungukiwa. Pima baada ya wiki 6 hadi 8, na pima tena ukimaliza dawa za kifua kikuu, kwani huko mwisho dozi iliyopandishwa huwa imezidi. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo vinaweza kuongeza mahitaji. Sindano ya miezi mitatu haina estrojeni. Wanaotumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari wamwambie daktari kila dozi ya thairoidi inapobadilika, maana hizo nazo huenda zikarekebishwa.

Wazee na wenye ugonjwa wa moyo hupandishwa polepole, kwa hatua za mikrogramu 12.5 au 25, na kamwe wasiruke.

Vidonge vyenye T3 na vya tezi ya mnyama

Mara kwa mara ndugu aliye kyeyo, yaani kwenye vibarua vya ughaibuni, Marekani hutuma chupa ya vidonge vya "asili". Vimetengenezwa kwa tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Waislamu wengi wa kwetu hawaambiwi, kwa hiyo nasema hapa wazi. Historia yake ni ya heshima: mwaka 1891 George Murray, daktari wa Uingereza, alimtibu mwanamke kwa maji ya tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Lakini kidonge kimoja cha kipimo cha zamani, kama miligramu 60, kina takriban mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3. Hiyo ni nne kwa moja, wakati tezi ya binadamu hutoa kama 14 kwa moja. T3 hupanda ndani ya saa chache na moyo huisikia.

Asiyepata nafuu kwa T4 peke yake anaweza kujaribishwa T3 ya kiwandani juu ya T4 iliyopunguzwa, kwa uwiano wa 13 hadi 20 za T4 kwa 1 ya T3, T3 ikigawanywa mara mbili kwa siku. Wataalamu wa Ulaya tangu 2012 wanasema ijaribiwe kwa miezi 3, isiposaidia iachwe, na asipewe mjamzito. Ni kazi ya daktari bingwa wa homoni. Na kabla hujaanza, hakikisha utaendelea kuipata baada ya miezi hiyo mitatu.

Ukiwa unarudi kutoka vidonge vya mnyama kwenda levothairoksini, usikisie dozi mwenyewe. Utahisi umepungukiwa wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa T3 hutoka haraka na T4 hujaa polepole. Ni kawaida, mradi uwe umeambiwa.

Nenda hospitali leo

Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo ukiwa umekaa, kupumua kwa shida, kuvimba midomo au ulimi: usingoje. Kwa upande mwingine, mtu aliyeacha dawa kwa muda, akaanza kupoa mwili, kusinzia asiamke vizuri, kuchanganyikiwa na kupumua polepole, huyo ni dharura ya kuua, hasa akiwa mzee aliyepata nimonia. Mpelekeni usiku huo huo.

Joto na kaveera (mfuko wa plastiki)

Levothairoksini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu. Nyumba ya mabati Arua au Moroto saa 8 mchana si mahali pa kuiacha karibu na paa. Iache ndani ya bamba lake na kisanduku chake, kwenye sanduku la nguo au ndani ya chungu kikavu kilichofunikwa, mbali na jiko. Usiitoe ukaimwaga kwenye kaveera ili iingie pochini. Dawa iliyodhoofika huonekana kama kiwanda kibaya.

Ukishuku kidonge chenyewe, peleka bamba lenye namba ya bechi kwa mfamasia au kituo cha afya ujaze fomu ya madhara ya dawa, inayopelekwa NDA. Daftari lako la Jumapili ndilo litakalojaza fomu hiyo. Na vikibaki vidonge vya siku 14, anza kupiga simu madukani. Mimi nilianza siku ile kisanduku kilipokuwa tupu, ndiyo maana sikuwa na la kuuliza.